Upepo ukikata umeme Kindu, nani anabaki gizani?

Majira ya mvua yakifika, upepo wa Kindu hauulizi mtu: unang'oa mabati, unaangusha miti juu ya nyaya, na mtaa mzima unaingia gizani. Lakini tukisema "mji umekosa umeme", tunasema habari za nyumba chache. Katika nchi yetu watu wapatao wanne kati ya watano hawana umeme hata siku ya utulivu. Anayeumia kwanza ni mama anayejifungua usiku, na mganga anayelinda chanjo ndani ya friji.

Sasa chemsha bongo kwa vijana wetu: maji ya Lualaba yanayopita mbele yetu yanakwenda wapi? Yanashuka Ubundu, yanaporomoka Wagenia pale Kisangani, yanavuka ikweta mara mbili, kisha yanazungusha mitambo ya Inga, yenye uwezo wa megawati 1,775. Kutoka huko, tangu 1982, waya wa kilomita 1,700 hivi unapeleka umeme hadi Kolwezi, kwenye migodi. Kindu haimo njiani.

Basi kusimamisha tena nguzo zilizoanguka ni kazi nzuri, ila haigusi shida yenyewe. Maniema ina mito midogo mingi, na viongozi tunaowaombea kila Jumapili tunaweza pia kuwauliza juu ya mitambo midogo ya hapa hapa. Kwa sasa, parokia yenye paneli za jua ivute waya kwanza hadi kituo cha afya, halafu spika za kwaya. (Wanakwaya, msitukasirikie.)