Waya Si Hendeli

Jameni, kutoka Wote mpaka Mwingi, ni nyumba ngapi dirisha limefungwa kwa waya juu hendeli ilivunjika? Hata kwetu ilikuwa hivyo, miaka miwili mizima. Julai baridi ikakaza, mama akaingiza jiko la makaa ndani. Kichwa kikaanza kumuuma, macho yakamzunguka. Nikakimbilia dirisha, waya ukakataa kufunguka. Ilibidi nivunje kioo.

Kesho yake nikabeba ile hendeli mbovu hadi hadwea, maana kuna za kushoto na za kulia. Fundi akakata pini ya zamani, akafunga mpya. Bei haikufika kilo ya nyama. Sasa tunangoja nini? Leo jioni jaribu kila dirisha kwenu. Lile linalokataa, anza nalo.