Kesi Iliyoishiwa Nauli

Barua ya wazi kwa Mheshimiwa mwenye dhamana ya sheria

Mwandishi wa barua hii ni seremala wa Mtwara. Alimtengenezea mkandarasi mmoja madawati 400, akapewa malipo ya awali tu, akaenda mahakamani na oda, hati za mapokezi na sahihi zote mkononi. Shauri likaahirishwa mara tisa. Kwenye ahirisho la sita aliuza mashine ya randa. La nane, wakili, ambaye naye ana watoto wa kulisha, akajiondoa. Siku ya kumi hakusimama mtu, shauri likafutwa. Hakuna jaji aliyemwambia kwamba hadai kitu. Kesi haikushindwa, Mheshimiwa, iliishiwa nauli.

Wapo wasioishiwa. Leseni hodhi za madini zilipofutwa mwaka 2018, Indiana Resources ya Australia ilipoteza mradi wake wa Ntaka Hill, kule Nachingwea, mkoa jirani na wa seremala huyu. Ikaishtaki Tanzania kwenye kituo cha kimataifa cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji, ICSID, na si kwa fedha za mfukoni mwake: LCM, mfadhili wa kesi, ilitenga hadi dola milioni 4.65. Kesi ikianguka, hasara ni ya mfadhili. Ikishinda, anakata fungu lake. Julai 2023 tuzo ikatoka, zaidi ya dola milioni 109. Mwaka uliofuata Serikali ikakubali kulipa milioni 90. Kampuni nyingine zilizopoteza leseni, Winshear na Montero, zilipata milioni 30 na 27, nazo zikiwa na wafadhili wao. Hakuna hata moja iliyoishiwa nauli njiani.

Mheshimiwa anajua kuliko seremala kwamba Tanzania Bara ilizipokea kanuni za sheria za Kiingereza kama zilivyosimama 22 Julai 1920. Wakati huo, kwa Waingereza, mtu asiyehusika kugharimia kesi ya mwenzake ili wagawane mapato lilikuwa kosa la jinai, kwa hofu ya kale kwamba makabaila wangenunua kesi ili kuwasumbua mahasimu wao. Waingereza wenyewe walilifuta kosa hilo mwaka 1967. Mahakama ya Rufani ya Afrika Kusini iliufungulia mlango ufadhili huo mwaka 2004, Mahakama Kuu ya Australia 2006. Nigeria iliuandika kwenye sheria yake ya usuluhishi mwaka 2023. Huku kwetu seremala alipouliza kuhusu ufadhili kama huo, alijibiwa: sheria haijasema, tusijaribu. Basi hofu ya makabaila wa Uingereza imemlinda fundi wa Mtwara asije akalipwa madawati yake. Ahsante sana.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017? Aliambiwa ana karakana, si maskini. Randa ilikuwa imeshauzwa.

Wafadhili si malaika. Wasimamizi 555 wa posta za Uingereza walimaliza kesi yao mwaka 2019 kwa pauni milioni 57.75; mawakili na mfadhili walipochukua chao, zilibaki kama milioni 12. Ndiyo maana inatakiwa sheria: mfadhili ajulikane, fungu lake liwe na kikomo, asimwamulie mdai. Hata nusu ya deni lake seremala angeipokea kwa mikono miwili. Kwa sasa ana nusu ya sifuri.

Na maahirisho nayo, na ada, na majalada yanayopotea wiki ya hukumu: hivyo navyo vinangoja Waingereza wavifute kwanza?

Madawati yanakaliwa kila asubuhi. Muswada wa sheria hiyo ya ufadhili ukifika bungeni, Mheshimiwa, seremala ataomba kufufua shauri lake. Nakala za oda bado anazo.