Kampasi Mpya Haizai Muuguzi

Dubai Investments Park ni eneo la viwanda, maghala na makazi ya wafanyakazi, jirani na Jebel Ali, na ndani yake ipo hospitali ya NMC Royal. Kwa kijana wetu wa Kenya mwenye stashahada ya uuguzi, hospitali ya namna hiyo ni mlango wa riziki. Nyumbani ameambiwa dunia haina wauguzi, basi mwenye cheti hakosi kazi. Wanasiasa nao wameidaka imani hiyo: fungueni vyuo, jazeni madarasa, upungufu utakwisha na fedha za kigeni zitaingia.

Imani hiyo ni potofu, na wanaoilipia ni wagonjwa na vijana wenyewe.

Upungufu upo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2023 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.8. Lakini Kenya hiyo hiyo inayozidisha vyuo ina maelfu ya wauguzi waliosajiliwa wasio na ajira. Na Dubai haipokei cheti kwa macho. Hukihakiki chuoni kilikotoka, hutaka uthibitisho wa baraza lililomsajili mhusika, kisha humkalisha mbele ya kompyuta: mgonjwa presha imeshuka, mkojo umekata, utaanza na lipi? Aliyekariri notisi hukwama hapo.

Si Dubai tu. Mwaka 2021, Waziri wa Afya wa Kenya wakati huo, Mutahi Kagwe, alieleza kuwa kati ya wauguzi 300 waliopimwa Kiingereza ili waende Uingereza, walifaulu 10 tu. Ulikuwa mtihani wa lugha, wala sidharau ujuzi wao wa kazi. Ila hawa walisomeshwa kwa Kiingereza tangu shule. Nauliza, chuoni ni mara ngapi walisimama kukabidhi zamu kwa sauti, au kumweleza daktari kwamba dozi aliyoandika imezidi?

Uuguzi hufundishwa kando ya kitanda cha mgonjwa, na hapo ndipo tunapowapunja. Chuo cha Mafunzo ya Udaktari cha Kenya, KMTC, kina kampasi zaidi ya 70, na bado wabunge wanaomba nyingine majimboni. Saruji na mabati hupatikana. Hospitali ya jirani, hata hivyo, haipati vitanda zaidi kwa sababu chuo kimefunguliwa. Kundi zima la wanafunzi likimzunguka mama mmoja aliye katika uchungu, mmoja hushika, wengine huchungulia, na kijitabu cha mazoezi husainiwa kwa wote. Muuguzi anayepaswa kuwaelekeza ana wodi nzima mikononi mwake. Akisimama kufundisha, kuna dripu inayokauka.

Nitaambiwa kwamba masharti makali yatapunguza wahitimu. Na wapungue. Mbunge anayetaka kampasi aonyeshe kwanza vitanda na wakufunzi watakaoingia wodini na wanafunzi. Asipokuwa navyo, fedha za ukumbi wa mihadhara ziajiri wauguzi wazoefu, kazi yao ikiwa kufundisha wodini tu, na matokeo ya mtihani wa leseni ya kila chuo yatangazwe hadharani kabla mzazi hajauza shamba kulipa karo.