Zimwi Lisilo na Goti

Michoro mingi ya viumbe wa kubuni inayoletwa kwenye meza ya mhariri ina kasoro moja: mazimwi hayana magoti. Mabawa yapo, pembe zipo, meno yamepangwa safu mbili na moto unatoka puani. Ukishusha macho hadi miguuni, unakuta moshi. Mchoraji amefika pale ambapo mwili unatakiwa kubeba uzito wake, akaona taabu, akatupia wingu. Zimwi wa namna hiyo hamtishi mtu. Hawezi kuvuka mtaro, sembuse kumfukuza mtoto wa sultani porini.

Toleo hili limepangwa kwa ajili ya kasoro hiyo. Kabla ya kuombwa kazi iliyokamilika, wachoraji wetu waliombwa kurasa za mazoezi. Tulitaka tumwone mbuzi kwanza, zimwi baadaye. Ndiyo maana kurasa zinazofuata zimejaa mkaa uliofutwa na kurudiwa, kwato zilizochorwa upande huu na upande ule, masikio yasiyo na kichwa, na shingo ya kuku iliyopakwa wino mpaka karatasi ikakunjamana. Kiumbe wa kubuni anakuja mwishoni mwa kila fungu, akiwa na wazazi wake nyuma yake. Wapo watakaosema tumechapisha takataka za karakana. Tumezichapisha kwa kusudi, na nitaeleza sababu nikianzia Kiegei.

Kiegei iko Nachingwea, mkoani Lindi, nchi ya korosho, ufuta na mbaazi. Mtu aliyekaa chini ya mkorosho huko na penseli yake hahitaji nauli ya kwenda mbugani. Mbuzi yuko mbele yake. Basi na amtazame mguu wa nyuma. Karibu kila anayeanza kuchora huamini kwamba goti la mbuzi limegeuka, linapinda kwenda nyuma. Kile kinachopinda kwenda nyuma ni kisigino. Goti lenyewe liko juu, karibu na tumbo, limefunikwa na ngozi na nyama, nalo linapinda kwenda mbele sawasawa na la kwako. Mbuzi anatembea kwa ncha za vidole maisha yake yote, na kwato mbili unazoziona ni kucha za vidole viwili. Mtu akishaliona hilo kwa macho yake, akamchora mbuzi akiwa amesimama, akiwa amelala na akiwa amepanda kichuguu kufuata majani, anaweza kuutoa mguu ule na kumpa bundi, au kizee wa hadithini, au kitu kisicho na jina. Kitasimama. Asiyeliona atachora miguu minne ya meza na kuizungushia manyoya.

Kinyonga naye ni shule. Macho yake mawili hayangojani, kila moja linatazama linakotaka. Vidole vyake vitano vimegawanyika mafungu mawili ya kushika tawi: mguu wa mbele una vitatu ndani na viwili nje, wa nyuma una viwili ndani na vitatu nje. Nani angebuni mpangilio kama huo akiwa amekaa chumbani? Na si kinyonga peke yake. Katika misitu ya Rondo, hapa hapa Lindi, yuko komba mdogo mwenye uzito wa gramu 60 hivi na mkia ulioota manyoya pande zote kama brashi ya kusafishia chupa. Wataalamu walimwandika rasmi kuwa spishi yake mwenyewe mwaka 1997 tu. Yuko pia sange, mwenye umbo la panya na pua ndefu inayochezacheza, ambaye uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kuwa ana undugu wa karibu zaidi na tembo kuliko alio nao na panya. Mchoraji anayelalamika kwamba ameishiwa mawazo, ajibiwe kwa upole kwamba bado hajatoka nje.

Wazee wetu wa hadithi walilijua hili. Nunda mla watu wa hadithi ya Sultani Majnuni, iliyokusanywa Unguja na Edward Steere na kuchapishwa mwaka 1870, anaanza akiwa paka wa nyumbani. Anakula mifugo, halafu watu, akizidi kunenepa. Mtoto wa mwisho wa sultani anapotoka kwenda kumsaka hajui sura yake, kwa hiyo anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mkubwa kuliko aliyetangulia, na kila akirudi nyumbani mama yake anamwambia huyu siye. Anapofika kwa nunda mwenyewe, anamtambua kwa kulinganisha na aliyoambiwa na mama yake: masikio madogo, mwili mpana usio mrefu, mabaka kama ya ngawa, mkia mnene. Tazama jinsi msimulizi alivyomjenga. Hakusema anatisha kupita kiasi, wala kwamba ulimi hauwezi kumweleza. Alimchukua paka, akamwongeza ngawa, akaupanua mwili, akauacha mkia uwe mzito. Anayewajua paka na ngawa anaweza kumchora leo jioni. Leonardo da Vinci aliwashauri wachoraji wa Italia vivyo hivyo katika maandishi yake: ukitaka mnyama wa kubuni aaminike, kila kiungo chake kifanane na cha mnyama aliyepo. Msimulizi wa Unguja hakumsoma Leonardo.

Mfano mkubwa kuliko yote umetoka kwenye ardhi yetu wenyewe, nao umesimama Berlin. Kati ya mwaka 1909 na 1913, katika kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi, Wajerumani waliendesha uchimbaji wa mifupa ya dinosaria. Waliochimba walikuwa mamia ya vibarua Waafrika, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo lingestahili kujulikana na kila mwanafunzi wa Lindi. Zaidi ya tani 200 za mifupa na mawe yake zilibebwa na wapagazi, kichwani na begani, siku kadhaa za njia hadi bandarini. Mnyama mkubwa kuliko wote aliyeunganishwa kutokana na shehena ile, ambaye leo anaitwa Giraffatitan brancai, alisimamishwa kwenye makumbusho mwaka 1937. Ana urefu wa mita 13.27 kwenda juu.

Hapa ndipo ninapopataka. Mnyama yule si mifupa ya mnyama mmoja. Ameunganishwa kwa mifupa ya zaidi ya mmoja, na palipopungua pakajazwa plasta. Waliomsimamisha mara ya kwanza walimpindisha miguu ya mbele kwenda nje na kumwacha aburute mkia. Kiunzi kilipojengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2007, miguu ilinyooshwa na mkia ukainuliwa ukaning'inia hewani, kwa sababu katika miaka ile sabini watu walikuwa wamejifunza zaidi namna mifupa inavyobeba uzito. Mifupa ni ile ile, mnyama ni mwingine. Kazi ya wanasayansi wale na ya mchoraji wetu wa Kiegei zinatofautiana kwa mengi, lakini sehemu moja ni ile ile: wote wana vipande, wote wanajiuliza kama kitu hiki kingeweza kusimama, na wote wanakubali kufuta. (Kama mifupa ile irudi au isirudi, huo ni mjadala mwingine, na msimamo wangu hautamshangaza yeyote: mtoto wa Ruangwa, hapa hapa Lindi, kukata tiketi ya ndege ili akamchore mnyama wa kwao ni kichekesho kisichochekesha.)

Kuchora wanyama kwa penseli huku kusini si jambo la juzi. Mtafiti Mjerumani Karl Weule, aliyepita Lindi, Masasi na Newala mwaka 1906, aliwapa watu karatasi na penseli wachore watakacho, na baadhi ya michoro ile aliichapisha katika kitabu chake. Mmojawapo ni kundi la tembo lililochorwa na Barnabas, Mmwera msomi wa mjini Lindi. Kabla ya penseli palikuwa na unga na udongo, katika sanaa za jandoni ambazo Wayao na majirani zao wanazijua vizuri kuliko mimi. Ya jandoni yabaki jandoni. Hatukumwomba mchoraji yeyote alete alichofundishwa huko, na mmoja aliyetaka kukileta tulimshauri asifanye hivyo.

Sasa hoja ya upande wa pili, ambayo ni nzito. Kuna anayeniuliza: je, mashetani ya kuchongwa ya Wamakonde? Yale hayakupimwa kwa rula. Yana jicho moja, yana mdomo tumboni, mguu unageuka mkono, mkono unageuka nyoka. Si ushahidi kwamba ndoto haina haja ya mbuzi?

Nadhani ni ushahidi wa kinyume chake. Inasimuliwa kwamba mtindo wa shetani ulianza miaka ya 1950 kwa Samaki Likankoa, mchongaji kutoka Msumbiji aliyekuwa akiuza kazi zake Dar es Salaam kwa mfanyabiashara Mohamed Peera. Sanamu ya mtu ilimvunjikia mkono. Badala ya kuitupa akaendelea kuichonga hadi ikawa kiumbe mwingine. Simulizi hiyo hata ikiwa imepambwa kidogo, inaeleza jambo la kweli kuhusu mkono wa mchongaji: aliweza kuuharibu mwili kwa sababu alikuwa ameuchonga mzima mara nyingi. Alijua bega linaanzia wapi. Asiyejua hilo akivunjikiwa na sanamu, anabaki na kuni.

Mtazame George Lilanga, mwana wa kusini aliyezaliwa mwaka 1934 na kufariki 2005. Alianza na uchongaji, akaingia Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam kama mlinzi, na mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zimefika maonyeshoni Washington. Mashetani yake yana matumbo yaliyotangulia, masikio mapana, vidole viwili vitatu, midomo iliyochomoza. Lakini yanacheza ngoma. Kila goti limepinda mahali pake, kila kiwiko kinajibu mzigo kilioubeba, na mtazamaji anajua yupi ataanguka akisukumwa. Zaidi ya hayo, Lilanga hakufungwa na chombo kimoja. Alichonga mti na kuupaka rangi kali, alichora kwa wino, kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye batiki na kwenye hadibodi. Kiumbe alipohama kutoka kwenye mti kwenda kwenye ngozi alibadilika, maana ngozi inataka mstari na mti unataka uzito. Ndiyo faida ya kuchanganya vyombo, na ndiyo sababu tuliwaomba wachoraji wetu wasiishie kwenye penseli.

Vyombo vyenyewe havina gharama kubwa. Mkaa uko jikoni. Udongo mwekundu uko barabarani, na ukichekechwa kwa kitambaa unatoa rangi ambayo hakuna duka la Nachingwea mjini linaloiuza. Utomvu unaoganda kwenye gome la mkorosho huyeyuka ukilowekwa majini. Ukiuchanganya na mkaa uliosagwa laini, unapata wino unaoshika. Karatasi ya mfuko wa saruji, ikishakung'utwa, inavumilia maji na kusuguliwa kuliko daftari lolote la shule, na rangi yake ya kahawia inamwacha mchoraji aongeze giza kwa mkaa na mwanga kwa chokaa. Kwenye ukurasa mmoja wa toleo hili utaona kwato iliyochorwa hivyo: mkaa kwanza, udongo juu yake kwa kidole, halafu chokaa pale jua lilipogusa ukucha. Kwato hiyo ilinichelewesha kuliko zimwi lililoivaa.

Ipo pia programu ya kompyuta inayokupa zimwi kamili ukiandika sentensi moja. Sina ugomvi nayo. Naona tu kwamba inachanganya picha na picha, na wachoraji wengi wanaoiletea ofisi hii kazi wamekuwa wakifanya hivyo hivyo kwa mkono tangu zamani: joka la filamu, bawa la bango, chui wa Tingatinga aliyenakiliwa kutoka kwa nakala ya nakala. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe, aliyezaliwa Tunduru na kuanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa kwenye vipande vya ubao, aliweka wanyama ambao wana mzaha na hadhi yao wenyewe. Nakala za barabarani zimebakiza madoa.

Kwa toleo lijalo, milango iko wazi kwa wachoraji wa shule, wa vyuo na wa majumbani, kutoka Kiegei, Ruangwa na kokote kunakosomwa Kiswahili. Leteni kiumbe mmoja wa kubuni pamoja na kurasa zisizopungua nne za wanyama halisi mliomtoa kwao, na andikeni pembeni kila kiungo kimetoka kwa nani. Tumieni vyombo viwili au zaidi. Msimkamate kakakuona ili akae mkao wa kuchorwa, kwani analindwa na sheria na mbuzi wa jirani anatosha, mradi jirani ameombwa ruhusa. Zimwi litakaloletwa bila kurasa zake za mazoezi halitachapishwa, hata likiwa zuri namna gani.