Barua pepe za biashara hazifai kukaa kwenye anwani ya kuhamahama

Wapo wafanyabiashara wadogo, hasa wale wenye kijana nyumbani anayezijua kompyuta, ambao huamua kuachana na huduma za barua pepe za kulipia. Kompyuta kuukuu huwekewa programu za bure kama Postfix na Dovecot, huunganishwa na intaneti ya nyumbani, na duka likawa na seva yake. Hesabu hiyo inavutia. Hakuna ada ya kila mwezi, na nyaraka zinabaki chini ya paa la mwenyewe.

Kikwazo ni anwani ya IP. Mteja wa nyumbani kwa kawaida hapewi anwani ya kudumu. Modemu ikizimwa na kuwashwa, anaweza kupata nyingine. Ni sawa na muuza vitunguu anayehamishwa kizimba kila umeme ukikatika. Kwa upande wa kupokea, zipo huduma zinazoliunganisha jina la biashara na anwani mpya ndani ya dakika chache. Umeme ukikatika pia barua haipotei, kwani seva iliyoituma hujaribu tena, mara nyingi kwa siku 4 au 5. Lakini anayetumia mtandao wa simu, ambako wateja wengi hugawana anwani moja, hata kupokea kutamshinda.

Balaa liko kwenye kutuma. Kampuni nyingi za intaneti hufunga mlango namba 25, ambao ndio seva hutumia kupelekeana barua. Hata ukiwa wazi, shirika la Spamhaus lina orodha iitwayo PBL ya anwani za aina hii, na seva nyingi duniani huisoma kabla ya kupokea barua. Aliyemo si lazima awe amekosa. Anwani yake tu ni ya nyumbani. Tangu Februari 2024 Google nayo imekaza masharti: anwani ya IP lazima irudishe jina la seva, na jina hilo huwekwa na kampuni ya intaneti, si na mteja.

Sasa mkulima wa parachichi atume bei kwa mnunuzi wa nje, barua iishie kwenye barua taka. Mnunuzi hatapiga simu kuuliza. Atanunua kwingine, na mkulima atabaki akidhani amedharauliwa.

Anayeipenda seva yake aiache ipokee, lakini barua zinazotoka zipitie kwa kampuni yenye anwani inayoaminika, kwa nywila, kupitia mlango namba 587. Anayeweza kulipia anwani ya kudumu aidai pamoja na jina lake la kurudisha. Asiye na muda wa kukesha na mitambo, na wauza duka wengi ni hao, alipie huduma iliyo tayari. Lililo muhimu zaidi ni jina la biashara la mtandaoni kuandikishwa kwa mwenye duka mwenyewe. Likiwa lake, seva inaweza kuhamishwa wakati wowote na wateja wasijue. Likiwa la fundi aliyetengeneza tovuti, siku fundi huyo asipopatikana barua zote ziko mikononi mwake.