Msituletee Mbegu Kabla ya Maji

Ndugu zetu wa mashirika, na nyinyi vijana wenzetu wa Nsambya, Katwe, Kisenyi na Makindye, leo tuseme bila kuzunguka.

Kile kituo kidogo cha kusafisha maji machafu kilichokuwa karibu na bustani yetu kimefungwa. Bomba lililotupa maji limekauka, na lengalenga zetu zimekauka nalo. Wiki mbili baadaye akaja mtu wa mradi na fulana, daftari na pakiti za mbegu. Tukamwuliza, "Maji je?" Akajibu kwamba hayako kwenye bajeti. Jamani! Mbegu bila maji ni chakula cha ndege.

Wengine wetu hawakungoja, wameshuka na jerikani kuchota kwenye mfereji wa Nakivubo. Tunawaelewa. Mkimbizi wa Kampala hapati mgao wa chakula. Asipohangaika, watoto wanalala njaa. Lakini kwa hili hatuwaungi mkono. Mfereji ule unapita masokoni, kwenye magereji na viwandani, na mvua ikinyesha unapokea vyoo vya mabondeni vilivyofurika. Kituo kikubwa cha Bugolobi kinasafisha maji taka ya mji, ndiyo, lakini nyumba nyingi za Kampala hazijaunganishwa na mabomba yake. Mtasema mboga zitapikwa. Moto unaua vijidudu na mayai ya minyoo, lakini hauondoi madini ya risasi. Na nani ananunua mboga zile? Ni mama wa chumba cha pili, anayemlisha mtoto wake.

Wengine wanasema twende tukalime kwenye vinamasi. Mmesahau Lubigi? Mwaka 2024 NEMA iliwaondoa watu kule na nyumba zikabomolewa. Kama wenyeji waliondolewa, sisi tutajitetea na nini? Na chemchemi ya mtaa je? Pale watu wanapanga foleni ya maji ya nyumbani. Mkimbizi mmoja akijaza jerikani kumi za bustani, kesho utasikia: wageni wanatumalizia maji. Ugomvi huo hatuutaki.

Basi maji yako wapi? Yako juu ya vichwa vyetu. Kampala hupata kama milimita 1,200 za mvua kwa mwaka. Milimita moja ikianguka kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Chumba cha mita 4 kwa 5 kina bati la mita 20 za mraba: hizo ni lita 24,000 kwa mwaka. Hata sehemu ya tano ikipotea, zinabaki zaidi ya lita 19,000, yaani jerikani kama 960. Leo zote zinateremka mtaroni, zinatufurikia mlangoni, halafu tunalia hatuna maji!

Magunia kumi ya mboga, kila moja lita tatu kwa siku, ni lita 30. Tanki la lita 1,000 linayalisha mwezi mzima. Januari na Februari mvua inapungua, lakini ni nadra mwezi mzima upite bila tone. Ongeza maji ya kuoshea mchele na mboga, umwage kwenye udongo, si kwenye majani. Maji ya sabuni na ya jiki yaacheni.

Kikwazo si mvua, ni kwamba sisi ni wapangaji. Ukifunga mabomba kwenye bati la mwenye nyumba, anaweza kupandisha kodi au kukutoa na kubaki na tanki. Hapo ndipo tunawahitaji, ndugu wa mashirika. Kaeni naye, muandikiane karatasi: tanki ni la kikundi, tukihama tunahama nalo, na yeye pia achote. Mkimbizi peke yake hasikilizwi mezani pale. Nyinyi mnasikilizwa.

Mnasema matanki ni ghali. Haya, chukueni bei ya semina moja: ukumbi, chakula, nauli, fulana, bango. Igawanyeni kwa bei ya tanki moja na mifereji yake ya bati, kisha mtuambie nani anaharibu pesa. Na kwenye ripoti msihesabu tena magunia mliyogawa. Hesabuni magunia yaliyo hai mwezi wa Februari.

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika. Tumetia sahihi kwenye semina ngapi kwa ajili ya nauli, huku tunajua bustani itakufa? Tuliuza mara ngapi mboga ambazo wenyewe hatukuzila? Kuanzia sasa kikundi chetu hakipokei mbegu za mtu yeyote ambaye hajajibu swali la maji, na mboga za mfereji hazitauzwa kwa jina letu.

Mvua kubwa inaanza mwezi wa tatu. Mabati tunayo tayari.