Meza kuu inaonekana, maji hayaonekani

Kama mnaipenda raha ya kuangalia televisheni jioni huku mmenyoosha miguu, msithubutu kumkaribisha nyumbani mwanafunzi wa utengenezaji wa vipindi. Mwenzenu yamenikuta.

Mgeni wangu ni mpwa, mtoto wa dada. Yuko mwaka wa pili kwenye chuo kimoja hapa Dar es Salaam, na amekuja kukaa kwetu kipindi hiki cha mazoezi kwa vitendo. Binti ana adabu zake, shikamoo haimpiti, jikoni anaingia bila kutumwa. Balaa linaanza saa mbili usiku, taarifa ya habari ikifunguliwa.

"Anko, umeona? Wamemkata kichwa!"

Siku ya kwanza niliruka kwenye kochi nikidhani kuna mauaji. Kumbe mkubwa mmoja alikuwa anahojiwa, na mpiga picha kampanga vibaya hadi utosi wake ukapotelea juu ya kioo.

"Na huyu je? Anatazama kushoto, wamembana huko huko kushoto, pua inagusa ukuta. Mtu akitazama upande fulani, upande huo ndio unaachiwa nafasi."

Hajamaliza, kamera inaanza kuvuta. Inamsogelea mtu, inarudi nyuma, inamsogelea tena. "Jamani, hii ni kamera au pampu ya baiskeli?"

Mke wangu ndiye anayeumia zaidi, maana tamthilia yake nayo haisalimiki. Juzi pale penye utamu wenyewe, bibi harusi analia kitandani, binti akanyoosha kidole: "Anti, kile ni kivuli cha maiki ukutani!" Anti akamjibu, "Mwanangu, sisi tunataka kujua kama huyu dada ataolewa. Hayo ya maiki kamwambie mwalimu wako."

Mpira nao una darasa lake. Kwa nini kamera kubwa za uwanjani hupangwa upande mmoja? Kwa sababu ukiruka ukapigia upande wa pili, timu iliyokuwa inashambulia kwenda kulia itaonekana inakwenda kushoto, na wewe shabiki utashangilia goli la kujifunga. Wenyewe wana mstari wao wa kufikirika, na kamera ikishachagua upande wa mstari inakaa hapo hapo. Ndiyo maana watu wawili wakipigwa vizuri kwenye mahojiano unaona wanatazamana, na wakipigwa ovyo unaona kama wote wawili wanamtazama mtu wa tatu mlangoni.

Najua wapo watakaosema hizi ni kelele za watoto wa chuo. Sisi watu wa Bara tulianza kupata televisheni yetu mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia kwa miaka ishirini, wao walianza mwaka 1974, tena kwa rangi. Enzi hizo za mwanzo mtaa mzima ulijaa kwenye sebule ya mwenye seti, watoto wakaning'inia dirishani, na mtu mmoja akawa nje anazungusha mti wa antena huku akiuliza, "Hapo je?" Picha ikija bila chenga tulimshukuru Mungu. Nani angeuliza mpiga picha alisimama wapi?

Lakini tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilizimwa hapa Dar es Salaam, tukaingia kwenye ving'amuzi, na chenga zikaondoka nazo. Siku hizi picha ni safi au haipo kabisa. Kwa hiyo, ikiwa mbaya, huwezi tena kuusingizia mti wa antena.

Basi nikaanza kumdadisi binti, huko chuoni mnafundishwa nini hasa? Nikaambiwa kwanza ni kusimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu na kuacha kuigusa. Hilo peke yake lina kesi, kwa sababu mkono wa mwanafunzi unawasha. Pili ni kuionyesha kamera karatasi nyeupe ili ijue weupe ni upi, la sivyo watu wa ndani watatoka njano kama walioumwa manjano na watu wa nje watatoka buluu. Tatu ni ukubwa wa picha: ya mbali kuonyesha mahali, ya kati kuonyesha tendo, ya karibu kuonyesha uso. Kamera ni moja, wanafunzi ni kundi, hivyo zamu ikiisha wanaendelea na simu zao za mkononi.

Kisha likaja zoezi lililonifungua macho. Kuna Mrusi mmoja, Lev Kuleshov, takribani miaka mia moja iliyopita alichukua picha ya uso wa mwigizaji asiyeonyesha hisia yoyote. Akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, halafu uso ule ule na jeneza, halafu uso ule ule na mwanamke. Watazamaji wakasifu jinsi mwigizaji alivyoonyesha njaa, huzuni na tamaa. Uso ulikuwa mmoja!

Hawa watoto wakalifanya zoezi hilo hilo na mlinzi wa getini. Wakamwambia, "Mzee, tazama mbele tu, usicheke." Wakamuunganisha na sahani ya wali maharage, kisha na jeneza la fundi seremala wa jirani, kisha na mtoto anayejifunza kutembea. Darasa zima likaapa kwamba mlinzi ana kipaji. Mzee wa watu mwenyewe alikuwa anawaza zamu yake inaisha saa ngapi.

Maana yake ni kwamba picha haisemi peke yake. Inasemeshwa na iliyotangulia na inayofuata, na kuna mtu anayechagua.

Hapo tukafika kwenye zoezi la kuzima sauti. Mwalimu amewaagiza waangalie taarifa ya habari bila sauti na kuandika kila picha: nani anaonekana, kwa ukubwa gani, anafanya nini. Nikamwambia binti leo tunafanya wote. Nikachukua kalamu.

Ilikuja habari ya uzinduzi wa mradi wa maji. Nikaandika: msafara wa magari. Watu wanapeana mikono. Meza kuu, picha ya mbali. Meza kuu, picha ya kati. Chupa za maji mezani. Mgeni rasmi anahutubia. Wananchi wamekaa, picha imepita haraka kama basi la mkoani. Mgeni rasmi tena. Ngoma. Mkasi na utepe. Makofi. Mgeni rasmi anahojiwa, maiki tele mdomoni. Mwisho.

Binti akasoma orodha yangu, akauliza swali moja tu: "Anko, maji yako wapi?"

Nikarudia juu hadi chini. Maji pekee yaliyoonekana yalikuwa ya chupa, pale meza kuu. Bomba lenyewe halikuonyeshwa likifunguliwa. Mama wa kijiji hakuonekana akikinga ndoo. Kama ningesikiliza sauti, ningelala nikiamini kwamba wale watu wamepata maji. Labda wamepata kweli, siwasingizii. Ila kwa picha zile mtu hawezi kujua.

Binti akanipa mfano wa mbali. Bunge la Uingereza liliporuhusu kamera za televisheni katika ukumbi wake mwezi Novemba 1989, liliweka masharti makali. Mbunge anayezungumza aonyeshwe kichwa na mabega tu, na vurugu zikizuka, kamera imgeukie Spika. Yaani mtu aliyekaa nyumbani asikie kelele, halafu amwone Spika. Masharti yale yalilegezwa baadaye. Wale angalau waliyaandika kwenye karatasi, yakajadiliwa. Kwetu meza kuu haijaandikwa popote, lakini kila mpiga picha anaijua.

Sikutaka kuhukumu upande mmoja. Jirani yangu ni mpiga picha wa televisheni wa siku nyingi, bega lake moja limeshuka kwa kubeba kamera. Nikamwita kahawani, binti akamweleza hesabu yetu kwa heshima zote. Mzee akacheka.

"Mwanangu, mimi asubuhi napewa kazi tatu na gari moja. Mara nyingine gari lenyewe ni la wenye shughuli. Mgeni rasmi akipanda, na mimi napanda. Hilo bomba lako nitalipiga saa ngapi? Na nikirudi bila mkasi na utepe, mhariri ataniuliza nilikuwa wapi."

Akanywa funda, akashusha sauti. "Halafu bahasha ya nauli inatoka meza kuu. Haitoki kwenye foleni ya ndoo."

Binti hakuwa na jibu. Lakini jibu alikwenda kulipata mwenyewe, maana kundi lao lilipewa kazi ya kutengeneza kipindi cha dakika tano, wakachagua shida ya maji kwenye mtaa mmoja wa pembezoni. Siku ya kwanza wakarudi wamejaa vumbi na furaha. Wakahesabu walichopiga kama walivyohesabu cha wenzao. Ebo! Karibu yote ni mwenyekiti wa mtaa, kwenye kiti chake, na bendera nyuma. Foleni ya ndoo wameipiga kidogo tu, tena kutoka mbali.

Wakaulizana imekuwaje. Ikawa kwa mwenyekiti kuna kivuli, kuna pa kusimamisha stendi, kuna soda, na mwenyewe hatikisiki. Kwenye foleni kuna jua na watu wanaosukumana. Hawakupewa bahasha na mtu, na bado walijikuta meza kuu.

Siku ya pili wakaenda saa kumi alfajiri, foleni inapoanza. Walipotega kamera tu, mama mmoja aliyekuwa amekalia dumu lake akawauliza, "Mnanipiga ili iweje?"

Kimya.

Mama akaendelea: "Walikuja wengine, wakanipiga nimeinama, kanga imeteleza. Nikaoneshwa hivyo hivyo, watoto wangu wakaniona. Hata jina hawakuniuliza."

Wakazima kamera. Wakamsalimu upya, wakakaa chini, wakamweleza kipindi ni cha nini na nani atakiona. Mama akakubali, akatoa na sharti: apigwe anapokinga, asipigwe anaposinzia. Ndipo mmoja wao akagundua jambo ambalo hakuna mwalimu aliyekuwa amelisisitiza. Mama amekaa chini, kamera iko juu ya stendi, kwa hiyo inamtazama kwa kumshusha. Meza kuu siku zote iko jukwaani, kwa hiyo kamera inaitazama kwa kuipandisha. Mkubwa anazidi kuwa mkubwa, na mwenye ndoo anazidi kuwa mdogo, hata kabla mtu hajafungua mdomo.

Wakafupisha miguu ya stendi mpaka jicho la kamera likalingana na jicho la mama. Sijui kama nimewahi kusikia darasa la heshima lililo fupi kuliko hilo.

Kipindi nimekiona. Mwenyekiti yumo, kapewa nafasi yake, maana naye ana maelezo. Lakini picha ya mwisho ni bomba na ndoo tu. Maji yanatoka membamba kama uzi wa cherehani. Hawakukata. Wameiacha picha dakika nzima, kamera imetulia tuli, hakuna muziki, na ndoo bado. Walipoionyesha chuoni mwalimu aliwapunguzia alama kwa kuzidisha urefu, na kisheria ya darasa ana haki. Ila wananiambia kwamba kabla ya alama kutajwa, mwanafunzi mmoja wa viti vya nyuma aliropoka: "Jamani, mbona haijai?"

Swali hilo ndilo taarifa ya habari ilitakiwa kutuachia, na ile niliyoiandika kwa kalamu haikutuachia.

Sasa msomaji wangu, usiseme mambo haya ni ya wenye kamera. Siku hizi kila mtu ana kamera mfukoni, na misiba, harusi na ajali za barabarani tunapiga sisi wenyewe. Kabla hujabonyeza, angalia umesimama juu au chini ya unayempiga, na kama ana nafasi ya kukwambia hapana.

Na leo saa mbili usiku jaribu hili. Punguza sauti mpaka mwisho, chukua karatasi, andika unachokiona. Ikiwa ni uzinduzi wa zahanati, tafuta mgonjwa. Ikiwa ni ugawaji wa madawati, tafuta mtoto aliyekaa. Ikiwa ni mradi wa maji, tafuta maji. Usipoyaona, washa sauti usikilize kwa makini wanachokwambia.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.